Kivuli cha Miche: Kukiweka na Kukiondoa

BUSTANI YA JAMAA



Miezi ya jua kali tunaijua. Kuanzia mwezi wa tisa mpaka mvua ya kwanza, hapa kwetu Lubumbashi, Kipushi, Likasi, Kambove na Kolwezi, udongo mwekundu unawaka. Saa sita mtoto hawezi kupita peku katika lupango. Na ni wakati ule ule watu wengi wanahamisha miche ya shu, ya matomati na ya vitunguu, ili wapate mboga ya kuuza mwaka mpya unapoanza. Kila mwaka swali linarudi lile lile: «Nilipanda mbegu vizuri, kitalu kilikuwa kizuri, nikahamisha, na siku ya tatu miche ikakauka. Kosa langu ni gani?»

Kabla ya kujibu, niwape habari yangu mwenyewe, kwa maana kosa hilo nililifanya mimi pia.

Miche sitini

Mwaka 2003 maelfu ya wafanyakazi wa migodi ya Katanga waliacha kazi katika mpango wa kuondoka kwa hiari. Mimi nilikuwa mmoja wao. Pesa tuliyopewa haikukaa. Nyingine ililipa madeni, nyingine ilitengeneza paa la nyumba, nyingine ilikwenda katika matanga ya kwetu. Katika mwezi wa nane wa mwaka 2004 hapakubaki kitu. Bibi yangu aliuza munkoyo kando ya njia kwa miezi miwili, akaweka pesa kidogo kidogo katika mkebe wa maziwa. Siku moja akanipa ule mkebe, akasema: «Baba, nunua mbegu ya shu. Mwezi wa kwanza tutalipa minervali ya mapasa.» Mapasa wetu walikuwa katika mwaka wa sita wa shule ya msingi, na kufukuzwa darasani mwaka ule kulikuwa ni kupoteza mwaka mzima.

Nikatengeneza kitalu, ile tunayoita pepinyeri, chini ya muembe wa nyumba. Pale palikuwa na baridi nzuri, tena karibu na maji. Miche ikaota haraka, ikawa mirefu, yenye majani laini ya kijani cheupe. Niliifurahia sana. Siku moja ya mwezi wa kumi, saa nne ya asubuhi, niling'oa miche 60, nikaipanda katikati ya lupango, mahali pa jua tupu. Nikaimwagia maji mengi. Saa nane yote ilikuwa imelala chini. Mangaribi, michache ikainua kichwa. Siku ya tatu nikahesabu: 17 tu ilikuwa hai.

Bibi yangu alikuja na ufagio mkononi, akasimama, akaangalia. Hakunigombeza. Alisema tu: «Enda kwa Kambo.»

Kambo alikuwa mama mzee, jirani yetu. Mtaa mzima ulimwita hivyo. Alilea watoto wake kwa mboga tu, na sokoni shu zake zilijulikana. Nikaenda kumwita. Alikuja pole pole na fimbo yake, akainama, akashika mche mmoja uliokufa, akauvuta kwa vidole viwili.

«Baba ya mapasa, ulihamisha saa ngapi?»

«Saa ine ya asubui, Kambo.»

«Na kivuli?»

«Sikuweka. Lakini nilimwangia maji mingi.»

«Maji mingi! Mizizi yake ulikata, sasa itakunywa na kinywa gani?»

Kisha akainua macho, akatazama muembe. «Na kitalu kilikuwa paka pale chini?»

«Ndiyo, Kambo.»

Akatikisa kichwa. «Basi ulikosa mara mbili. Mara ya kwanza uliipa kivuli mingi. Mara ya pili ukainyima yote, siku moja tu.»

Yote nitakayowaandikia hapa chini yako ndani ya neno hilo la Kambo. Mengine nilijifunza baadaye katika kazi, na kwa kuuliza waliosoma kilimo.

Kwa nini mche unakufa

Mche unakunywa kwa mizizi na unatoa jasho kwa majani. Kila jani lina matundu madogo sana ambayo jicho haliwezi kuyaona. Maji yanapanda kutoka mizizini, yanapita katika shina, na kutoka hewani kwa njia ya matundu hayo. Mche ukiwa mahali pake, unaingiza maji na kutoa maji kwa kipimo kinacholingana.

Sasa unaung'oa. Mizizi mikubwa unaiona, unaitunza. Lakini kazi ya kunyonya maji inafanywa zaidi sana na nywele ndogo za mizizi, na nywele hizo nyingi zinakatika na kubaki katika udongo wa kitalu. Tangu saa hiyo kinywa cha mche kimekuwa kidogo, lakini majani yangali yale yale, na jasho linaendelea. Jua likiwa kali na upepo ukiwa mkavu, jasho linaongezeka. Mche unalala, na kama haupati msaada unakauka, hata ukiwa umesimama katika tope. Ndiyo sababu maji mengi peke yake hayakuponya miche yangu.

Kuna jambo la pili. Jani lililokomaa katika kivuli kizito ni laini na ngozi yake ni nyembamba. Jua likilipiga ghafula linatoka madoa meupe kama karatasi, na mahali pale pa jani panakufa. Jani lililokomaa kwa kuzoea jua kidogo kidogo linakuwa gumu zaidi na linavumilia.

Basi kivuli kina kazi moja: kupunguza jasho mpaka mizizi mipya itoke. Kwa shu na matomati, mara nyingi juma moja linatosha. Kivuli ni cha juma hilo. Hatukijengi kikae siku zote.

Kazi inaanza kitaluni

Usiweke kitalu chini ya mti mkubwa kama nilivyofanya mimi. Kiweke mahali pa wazi, halafu ukijengee kapaa kadogo ka miti na majani makavu, juu kiasi cha mita 1, ili hewa ipite na wewe uweze kuinama na kumwagilia. Majani yasiwe mengi sana: ukitazama chini uone madoa ya jua yakicheza juu ya udongo.

Siku kama 10 kabla ya kuhamisha, anza kuizoeza miche. Kila siku mbili ondoa sehemu ya yale majani ya paa. Punguza pia maji, lakini usiache miche ilale kabisa. Katika siku za mwisho miche ikae bila paa mchana wote. Utaona shina linakuwa nene, na majani yanapata kijani kizito. Mche wa namna hii ni mfupi na hauvutii macho kama ile yangu ya chini ya muembe, lakini ndio unaoishi.

Siku Kambo aliponieleza habari hii ya kuzoeza, alinitazama, akacheka, akasema: «Hata nyie, mujukuu yangu, kampani iliwaotesha chini ya muembe. Nyumba ya kampani, mufuko wa unga wa kampani, munganga wa kampani, masomo ya kampani. Halafu siku moja muembe ikakatwa.» Nilicheka pamoja naye, lakini si kwa muda mrefu. Nilikumbuka wenzangu ambao hawakuamka tena.

Juu ya umri: shu inahamishwa ikiwa na majuma 4 mpaka 6, na majani ya kweli 4 au 5. Shu ya China inakua haraka, majuma 3 au 4 yanatosha. Matomati ni majuma 4 au 5, yakiwa na urefu wa sentimeta 12 mpaka 15. Kitunguu kinakawia: majuma 6 mpaka 8, shina lake likifikia unene wa kalamu. Usingojee mche uzeeke kitaluni. Mche mzee una majani mengi ya kutoa jasho, na mizizi yake inakatika zaidi unapoung'oa. Lengalenga, wengi wanaipanda moja kwa moja mahali pake, nayo inatuepusha na taabu hii.

Siku yenyewe ya kuhamisha

Chagua mangaribi. Kuanzia saa kumi jua linapoteza nguvu, na mche unapata usiku mzima wa kupumzika kabla ya kuonana na jua tena. Siku ya mawingu ni zawadi, usiiache ipite. Asubuhi si saa nzuri, hata kama hewa ni tamu, kwa kuwa mche unapandwa na baada ya saa mbili tu unaingia motoni.

Fuata njia hii:

1. Andaa mashimo kwanza, kabla ya kugusa miche. Kwa shu acha sentimeta 50 kati ya shimo na shimo. Tia samadi iliyooza vizuri, changanya na udongo.

2. Mwagilia kitalu saa mbili au tatu kabla ya kung'oa. Mche ulioshiba maji unasafiri vizuri, na udongo unashikamana na mizizi.

3. Usivute mche kwa shina. Ingiza kijiti au kisu kipana chini yake, uunyanyue pamoja na bonge la udongo.

4. Weka miche iliyong'olewa katika kitunga au beseni, ifunike kwa jani bichi la mgomba au kitambaa chenye maji. Ng'oa ile tu utakayopanda katika nusu saa. Dakika chache za jua juu ya mizizi iliyo wazi ni mauti.

5. Jaza shimo maji, yaache yaingie, kisha panda. Shu iingie mpaka karibu na majani ya kwanza, lakini moyo wake usifunikwe na udongo. Tomati unaweza kulizamisha zaidi, kwa kuwa shina lake lenyewe linatoa mizizi. Bonyeza udongo kwa vidole ili pasibaki tundu la hewa karibu na mizizi.

6. Mwagilia tena kidogo kidogo. Weka kivuli mangaribi ile ile, kisha ulale. Usiseme «nitaweka kesho asubuhi». Asubuhi kuna mgonjwa, kuna mgeni, kuna safari ya soko, na jua halingoji.

Kivuli kisimame upande gani

Hapa watu wengi wanakosea, hata wenye vitabu. Vitabu vilivyoandikwa Ulaya vinasema kwamba jua la mchana linatoka kusini, basi mtu azuie upande wa kusini. Kwao ni kweli. Kwetu, katika Haut-Katanga na Lualaba, jua la mwezi wa sita na wa saba linapita upande wa kaskazini. Katika mwezi wa kumi linapita juu ya kichwa. Kati ya tarehe 19 na 24 ya mwezi wa kumi, saa sita mchana, simamisha kijiti katika lupango: utaona kwamba kivuli chake karibu hakipo. Jambo hilo linarudi karibu na tarehe 20 ya mwezi wa pili, lakini wakati ule mawingu ya mvua yanatusaidia.

Ukitaka kujua pande zako, simama asubuhi ukiangalia mahali jua linapotoka. Kaskazini iko mkono wa kushoto, kusini mkono wa kuume, na magharibi iko mgongoni.

Basi katika miezi ya baridi, simika kivuli upande wa kaskazini na wa magharibi wa mche. Katika mwezi wa tisa na wa kumi kivuli kinatakiwa kutoka juu, pamoja na upande wa magharibi, sababu jua la saa saba mpaka saa kumi ndilo linaloua. Wakati huo udongo umekwisha kupata moto wa tangu asubuhi na hewa imekauka. Upande wa mashariki uache wazi. Jua la asubuhi ni la chakula, mche unalihitaji.

Tena usisahau upepo. Wakati wa kiangazi upepo wetu unatoka sana upande wa kusini-mashariki, nao unakausha majani kama vile jua. Mstari wa mahindi, wa muhogo, au uzio wa majani upande ule unafanya kazi ya nusu ya kivuli.

Kivuli cha kitu gani

Hakihitaji pesa. Haya ndiyo tunayotumia:

Matawi yenye majani. Chomeka tawi moja upande wa magharibi wa kila mche, liinamie juu yake kama mtu anayemfunika mtoto kwa mkono. Yale majani marefu yenye maua ya njano yanayoota kando ya njia zetu yanafaa sana, na yakikauka unayarudisha udongoni kama mbolea. Makuti ya ngazi ni mazuri pia. Usikate mti mzima kwa kazi hii. Pori letu limekwisha kulia kwa ajili ya makala.

Jani la mgomba. Linafaa kwa siku moja au mbili, kisha linasinyaa. Likunje kama paa dogo, ulisimamishe juu ya vijiti viwili. Lisilalie mche.

Nyasi juu ya fito. Kwa mtu mwenye miche mingi, hii ndiyo njia bora. Simika miti yenye panda mita 1 juu ya ardhi, laza fito, tandaza nyasi kwa wepesi. Paa hili lina faida moja kubwa: unaweza kupunguza nyasi kidogo kidogo.

Kitunga kilichozeeka. Kigeuze juu ya mche saa tatu ya asubuhi, ukiondoe saa kumi. Hewa inapita katika matundu yake. Kazi hii wapewe watoto, wataipenda. Lakini kumbusheni mangaribi, maana kitunga kilichosahauliwa siku nne kinatoa mche mweupe.

Sasa mambo ya kuepuka. Usiweke mabati wala plastiki karibu juu ya miche: yanashika moto, na mche unapikwa chini yake. Usitumie mifuko iliyobeba madini au dawa za kiwanda, hata kama inauzwa kwa bei ndogo sokoni na inaonekana safi. Vumbi lililobaki ndani litashuka juu ya mboga na udongo wako pamoja na maji ya kumwagilia, nawe utalila. Na usichukue chandarua cha kitanda cha mtoto. Shu inaweza kupandwa tena. Mtoto mwenye malaria ni habari nyingine.

Udongo nao ufunikwe

Kivuli cha juu bila kifuniko cha chini ni nusu ya kazi. Tandaza nyasi kavu kuzunguka mche, unene wa sentimeta 5 hivi, lakini zisiguse shina: acha nafasi ya vidole vitatu. Udongo uliofunikwa unakaa na baridi, maji hayapotei haraka, na mizizi mipya inatoka bila kuungua.

Tazama tu mchwa. Katika nchi yetu ya vichuguu, nyasi kavu ni karamu kwao. Zinyanyue kila siku mbili tatu. Ukiona wameanza kujenga, zitoe zile nyasi, weka nyingine mahali pake, au tumia majani mabichi kwa siku za kwanza.

Maji: lini na kiasi gani

Katika juma la kwanza mwagilia mara mbili kwa siku: asubuhi mapema kabla ya saa moja na nusu, na mangaribi baada ya saa kumi na moja. Kopo la nusu litri linatosha kwa mche mmoja kila mara. Mwaga pole pole karibu na shina, yaingie ndani. Ukikosa aroswari, toboa mkebe matundu madogo kwa msumari. Maji ya haraka kutoka katika ndoo yanachimba udongo na kuacha mizizi wazi.

Maji yasitoke katika mifereji ya viwanda au mito inayopokea maji machafu ya mgodi. Maji ya kisima au ya bomba, hata kidogo, ni afadhali. Maji uliyooshea mboga au mchele yanafaa pia.

Katika siku za kwanza utaona majani yanalala saa sita. Usiogope na usikimbie na ndoo. Angalia tena saa kumi na mbili: kama yamesimama, mche unapigana na utashinda. Lakini kama asubuhi, kabla ya jua kupanda, mche ungali umelala, basi ni mgonjwa kweli. Chimba kidogo kwa kidole. Udongo ukiwa mkavu, ongeza maji. Ukiwa na tope, punguza, maana mizizi inakosa hewa. Ukikuta mnyoo umekata shina, huyo ni adui mwingine kabisa.

Kuondoa kivuli

Hii ndiyo sehemu ambayo wengi wanaisahau. Wanaokoa mche siku ya kwanza, wanauharibu siku ya kumi. Mche uliobaki kivulini unanyoosha shina kutafuta mwanga, unakuwa mwembamba na dhaifu. Shu inakawia kufunga kichwa. Na pale chini panapokaa na unyevu bila hewa, shingo ya mche inaoza.

Hesabu tuliyozoea sisi ni hii:

Siku ya 1 mpaka ya 3, kivuli kikae mchana wote, kuanzia saa tatu mpaka saa kumi.

Siku ya 4 mpaka ya 6, ondoa kivuli cha asubuhi. Kiache kuanzia saa tano mpaka saa tisa tu. Kama ni paa la nyasi, toa nusu ya nyasi.

Siku ya 7 na ya 8, acha robo tu ya nyasi, au tawi la upande wa magharibi peke yake.

Baada ya hapo ondoa yote, na uondoe mangaribi, usiondoe asubuhi. Kifuniko cha udongo kibaki.

Lakini hesabu haizidi macho. Alama ya kweli ni jani jipya. Ukiona katikati ya mche kajani kapya kanafunguka, na majani ya zamani hayalali tena saa sita, jua kwamba mizizi imeshika. Siku hiyo mche hauna haja ya kivuli chako.

Mwisho wa habari ya miche sitini

Kambo hakuniacha na maneno tu. Mangaribi ile tulifunika ile 17 iliyobaki, yeye akionyesha kwa fimbo na mapasa wakichomeka matawi. Kesho yake saa kumi na moja alinikopesha miche 30 kutoka kitalu chake, mifupi, migumu, ambayo mimi ningeidharau sokoni. «Hii ni deni,» aliniambia. «Mwaka kesho utanirudishia makumi tatu, na iwe ya kitalu ya jua.»

Katika ile miche 47, sita ilipotea kwa wadudu. Tulivuna shu 41 mwanzoni mwa mwaka 2005. Hazikuwa kubwa zote. Bibi yangu alizibeba sokoni kwa mara tatu, na siku ya mwisho alirudi na mkebe wa maziwa, akauweka juu ya meza bila neno. Minervali ya trimestri ya pili ililipwa ya wote wawili. Pesa ya trimestri ya tatu tuliitafuta kwa lengalenga na matembele, na kwa munkoyo tena. Mwezi wa sita mapasa walimaliza mwaka wa sita.

Mwezi wa tisa wa mwaka ule nikampelekea Kambo miche yake 30. Aliichukua mmoja mmoja, akabonyeza shina kwa vidole, akaangalia majani. Kisha akasema: «Sawa.» Mpaka leo sijapata cheti kinachopita neno hilo.

Basi, wasomaji, kabla hamjang'oa mche wa kwanza, mwende kwanza kukata matawi. Yakiwa tayari kando ya mashimo, anzeni kazi. Mwezi ujao tutazungumza juu ya wadudu wanaokula moyo wa shu, wale walioniibia ile sita. Mpaka hapo, mbaki salama, nanyi mvune vizuri.